Khalil bin Ahmad: Mwomani aliyetunga kanuni na kuzipima maisha yake yote

Mjini Maskati, ambako familia nyingi zenye asili ya Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki zimefanya maskani tangu miaka ya 1960 na 1970, si ajabu kumsikia mzee akimkosoa mtunzi wa shairi la Kiswahili kwa kuwa mzani mmoja umezidi. Atasema kwamba shairi limetoka nje ya bahari yake.

Neno hilo bahari, kwa maana ya mpangilio wa shairi, halikuzaliwa Unguja wala Lamu. Linatokana na elimu iliyoasisiwa zaidi ya miaka 1,200 iliyopita na mwanazuoni ambaye Waomani wanamhesabu kuwa ni wao, Khalil bin Ahmad Al-Farahidi.

Ndiye aliyeweka kanuni za arudhi ya Kiarabu na kubuni kamusi ya kwanza ya lugha hiyo. Ndiye pia anayetajwa kuwa alizipa herufi za Kiarabu alama za irabu ambazo kila mtoto wa chuoni katika pwani ya Afrika Mashariki hujifunza kuzisoma. Aidha, masimulizi ya kale yanaeleza kwamba alijaribu kuongeza kete mpya katika mchezo wa sataranji.

Si kila alichokibuni kilidumu. Historia yake inaonyesha kwa nini kanuni, iwe ya mchezo au ya lugha, yaweza kubuniwa kwa siku moja, lakini huhitaji miaka mingi kabla ya kuthibitika kuwa inafaa.

Kutoka Batina hadi Basra

Khalil alizaliwa karibu na mwaka 718, sawa na mwaka wa 100 wa Hijria. Jadi ya Waomani inautaja mji wa Wudam, katika mwambao wa Batina ulio magharibi ya Maskati, kuwa ndipo alipozaliwa. Ukoo wake wa Farahidi ulikuwa tawi la kabila kubwa la Azdi.

Maskati yenyewe haikuwa na ukubwa ilio nao leo. Bandari kuu ya Oman ilikuwa Suhar, na katika karne iliyofuata waandishi wa safari wanaitaja Maskati kuwa mahali ambapo vyombo viliteka maji matamu kabla ya kuikabili bahari kuu kuelekea India.

Kaskazini, mwisho wa Ghuba, ulikuwapo mji wa Basra, ulioanzishwa katika miaka ya 630 kama kambi ya jeshi la Waislamu. Waazdi wengi wa Oman walikwisha kuhamia huko, na Khalil alikulia miongoni mwao.

Basra ya wakati huo ilikuwa mji wa bandari wenye mchanganyiko wa watu: Waarabu wa makabila mbalimbali, Waajemi, Wahindi, na Waafrika waliojulikana kwa jina la Zanji. Wengi wao walijifunza Kiarabu ukubwani, na makosa ya matamshi yalikuwa yakisikika sokoni na hata msikitini.

Katika mazingira hayo ndipo ilipozuka haja ya kuweka kanuni. Wazawa wa jangwani hawakuhitaji kufundishwa sarufi ya lugha waliyonyonya kwa mama zao. Mgeni aliihitaji, na kanuni aliyopewa ilipaswa kumfikisha penye usahihi bila ya kuwa na mzawa pembeni yake.

Khalil alisoma kwa wanazuoni wakubwa wa mji huo, wakiwemo Abu Amr bin Al-Ala na Isa bin Umar. Baada ya hapo akawa yeye ndiye anayefuatwa.

Miongoni mwa kazi zinazohusishwa naye ni ile ya alama za irabu. Kabla yake, wanakili walitumia nukta za rangi kuonyesha irabu, nazo nukta nyingine zilitumika kuzitofautisha herufi zinazofanana. Msomaji asiyekuwa mzoefu aliweza kuzichanganya kwa urahisi, na mwandishi alilazimika kuwa na wino wa rangi zaidi ya moja.

Khalil alichukua herufi zenyewe na kuzifanya ndogo. Wau ndogo ikawa alama ya sauti ya u, alifu iliyolazwa ikawa ya sauti ya a, na sehemu ya herufi ya ye ikawa ya sauti ya i. Mwandishi sasa aliweza kutumia kalamu moja na wino mmoja.

Hata hivyo, manufaa hayo hayakuwashawishi wote mara moja. Iliwachukua wanakili wa Misahafu zaidi ya karne moja kuuacha mfumo wa nukta za rangi. Walikuwa wakishika kitabu kitukufu, na hawakuwa tayari kukifanyia majaribio kabla ya kuona alama hizo zikitumika kwingineko.

Nyundo za wafua shaba

Kazi iliyompa Khalil umaarufu mkubwa zaidi ni arudhi. Inasimuliwa kwamba alipokwenda Makka kuhiji, alimwomba Mungu amjaalie elimu ambayo hakuna aliyemtangulia kuipata. Masimulizi mengine yanasema kwamba alikuwa akipita katika soko la wafua shaba mjini Basra, akasikia mapigo ya nyundo juu ya masufuria na kutambua kwamba mapigo hayo yana mpango unaofanana na ule wa beti za mashairi.

Huenda visa hivyo vilitiwa chumvi na waliokuja baadaye. Jambo lililo wazi ni kwamba kati ya wazo la sokoni na elimu kamili kulikuwa na kazi ndefu ya kusikiliza.

Washairi wa Kiarabu walikuwa wametunga kwa vizazi vingi kabla ya Khalil, na hawakuwa na kitabu cha kanuni. Walifuata masikio yao. Khalil aliukusanya ushairi huo, akaukata ubeti baada ya ubeti, akitenganisha herufi yenye irabu na ile iliyotulia isiyo na irabu, na kutafuta ni mipangilio gani inayojirudia.

Ili aweze kuishika mipangilio hiyo, alitunga maneno ya kupimia, yaliyoundwa kwa mzizi mmoja wa neno la Kiarabu lenye maana ya kutenda. Maneno hayo hayakukusudiwa kueleza chochote, na kazi yake ilikuwa kama ile ya pishi na kibaba kwa muuza nafaka. Inasimuliwa kwamba siku moja mwanawe alimkuta akiyatamka peke yake, akakimbilia nje kuwaarifu watu kwamba baba yake amerukwa na akili.

Mwisho wa kazi hiyo ulikuwa bahari 15, alizozipanga katika duara 5. Duara hizo zinaweza kufananishwa na mkufu wa shanga kubwa na ndogo. Anayeanza kuhesabu kwenye ushanga mmoja hupata mpangilio fulani, na anayeanza kwenye ushanga mwingine hupata mpangilio tofauti, ingawa mkufu ni ule ule. Kwa njia hiyo, bahari zilizoonekana kuwa mbalimbali zilithibitika kuwa na asili moja.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo kila mtunga kanuni hulikuta. Duara hizo zilizaa pia mipangilio ambayo haikuwamo katika ushairi uliokuwa ukijulikana. Kwa hesabu ilikuwa sahihi, lakini kwa masikio ya washairi haikuwa na nafasi.

Khalil hakuwalazimisha washairi wafuate hesabu zake. Aliigawa mipangilio hiyo katika mafungu mawili, inayotumika na iliyoachwa, na kuiacha ile ya pili ibaki pembeni. Baadaye wanazuoni waliongeza bahari ya 16, ambayo kwa kawaida inahusishwa na Al-Akhfash, mwanafunzi wa Sibawayh.

Kanuni ilibidi ipimwe pia kwa wanafunzi. Kisa kimoja kinaeleza kwamba mtu fulani alimfuata Khalil kwa muda mrefu kujifunza arudhi bila ya kuambulia kitu. Khalil, kwa kuona haya kumfukuza, alimpa akate vipande ubeti mmoja wa kale ambao maana yake ni kwamba jambo lisilowezekana huachwa na mtu akaendea analoliweza. Mtu huyo aliukata kadiri ya uwezo wake, akaondoka na hakurudi tena. Inasemekana kwamba Khalil alistaajabu jinsi mtu aliyeshindwa na arudhi alivyoielewa ishara hiyo upesi.

Ngamia katika sataranji

Sataranji ilitoka India, ikapitia Uajemi na kuwafikia Waarabu katika karne ya 7. Katika Basra ya Khalil ulikuwa mchezo unaojulikana, na yeye, aliyependa hesabu, hakuweza kuupita bila ya kuuchunguza.

Waandishi wa kale wanasimulia kwamba aliongeza katika mchezo huo kete aliyoiita ngamia. Watu wakaicheza sataranji yenye ngamia kwa muda, kisha wakaiacha na kurejea kwenye mchezo waliouzoea.

Habari hiyo ni fupi sana katika vitabu, lakini ina uzito kwa yeyote anayetaka kufahamu namna kanuni zinavyoishi na kufa. Ubao wa sataranji una vyumba 64 na kete 32, na kila kete hupata thamani yake kutokana na nyingine. Ukiongeza kete moja tu, nguvu ya farasi hubadilika, ulinzi wa mfalme hubadilika, na mbinu zote za kufungulia mchezo ambazo mabingwa wamezikariri huwa hazina uhakika tena.

Athari hizo hazionekani siku ya kwanza, maana siku ya kwanza kila mmoja hufurahia upya wa mchezo. Ni baada ya mamia ya michezo ndipo hugundulika kwamba upande mmoja unashinda mno, au mchezo unarefuka bila ya ladha, au mchezaji dhaifu amepata njia ya mkato.

Wenyeji wa Zanzibar na pwani ya Kenya na Tanzania wanao mfano wao wenyewe. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, lina kanuni ngumu zenye hatua ya namua na hatua ya mtaji. Hakuna mtu mmoja anayetajwa kuwa aliutunga mchezo huo. Kanuni zake zimepita katika mikono ya vizazi barazani.

Sataranji yenyewe ilikaa karne nyingi ikiwa na kete dhaifu kando ya mfalme, kete iliyoitwa waziri, ambayo ilisogea chumba kimoja tu kwa mshazari. Ni mwishoni mwa karne ya 15, huko Ulaya, ndipo ilipogeuzwa kuwa malkia mwenye nguvu anayejulikana leo.

Hata katika zama zetu watunzi wa michezo wanalifahamu jambo hilo. Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha mwaka 1974 mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao wachezaji wake huketi mezani, kila mmoja akaigiza mhusika wake, huku mwenendo wa hadithi ukiamuliwa kwa kanuni na kwa kurusha dadu. Kabla ya kuzichapisha, kanuni hizo zilikuwa zimejaribiwa katika vikao vya marafiki.

Wenye mchezo huo walipotayarisha toleo jipya la mwaka 2014, walitumia takriban miaka 2 wakiwapa wachezaji wa kawaida rasimu za kanuni wazijaribu majumbani mwao. Sababu yake ni nyepesi kuieleza. Mtunzi anapocheza mchezo wake, huijaza kwa akili yake mianya iliyoachwa na maneno ya kanuni. Mgeni hana ila yale yaliyoandikwa.

Ngamia wa Khalil alipita katika mtihani huo na akashindwa. Bahari zake 15 zilipita katika mtihani kama huo na zikafaulu, kwa kuwa washairi waliokuwa wamekwisha kufariki walikuwa wamezifanyia majaribio kwa karne nzima na zaidi bila ya kujua.

Kujaribu na kukosea

Visa vingine vinamwonyesha Khalil akiwa mtu wa subira ile ile. Inasimuliwa kwamba aliletewa barua ya fumbo iliyotoka kwa mfalme wa Warumi wa Bizanti, iliyoandikwa kwa Kigiriki. Alikisia kwamba barua ya namna hiyo haikosi kuanza kwa jina la Mungu, akaitumia dhana hiyo kuzitambua herufi za mwanzo na kuendelea mbele kidogo kidogo. Kazi hiyo ilimchukua mwezi mzima, na kutokana nayo akaandika kitabu kuhusu maandishi ya siri.

Kisa kingine kinahusu mtabibu wa Basra aliyekuwa na dawa ya macho. Alipofariki bila ya kuacha maelezo, watu walimwendea Khalil. Yeye akaomba chombo alichotumia marehemu kuchanganyia dawa, akawa anakinusa na kutaja mchanganyiko mmoja baada ya mwingine hadi akafikia 15. Dawa ikatengenezwa na ikawafaa wagonjwa. Baadaye maandishi ya marehemu yalipopatikana, ilionekana kwamba vitu vilikuwa 16, na kwamba ni kimoja tu kilichomponyoka.

Kamusi isiyomalizika

Mradi mkubwa wa mwisho wa maisha yake ulikuwa kuyakusanya maneno yote ya Kiarabu katika kitabu kimoja. Wanazuoni wa kabla yake walikuwa wakikusanya maneno kwa mada, kama vile maneno yanayohusu farasi, ngamia au mvua. Hakuna aliyekuwa na njia ya kuhakikisha kwamba hakuna neno lililosahauliwa.

Khalil alianza na herufi. Kiarabu kina herufi 28, na mizizi ya maneno yake huwa na herufi 2, 3, 4 au 5. Mzizi wa herufi 2 unaweza kupangwa kwa njia 2, wa herufi 3 kwa njia 6, wa 4 kwa njia 24, na wa 5 kwa njia 120. Ukizihesabu zote bila ya kurudia herufi katika mzizi, unapata mipangilio 12,305,412.

Kazi iliyobaki ilikuwa kupita katika bahari hiyo ya uwezekano na kuuliza, kwa kila mpangilio, kama Waarabu wanautumia au wameuacha. Ilikuwa njia ile ile aliyoitumia katika arudhi, lakini safari hii mzigo ulikuwa mkubwa kuliko umri wa mtu mmoja.

Hakuzipanga herufi kwa utaratibu uliozoeleka. Alifungua kinywa chake na kuitamka kila herufi baada ya sauti ya a, akisikiliza inakotokea, kuanzia kooni hadi midomoni. Aliamua kuanza na herufi ya ain, itokayo ndani kabisa ya koo, na kwa sababu hiyo kamusi hiyo ikaitwa Kitabu cha Ain.

Khalil hakuishi hadi kuiona imekamilika. Mwanafunzi wake Al-Layth bin Al-Muzaffar, aliyekuwa Khurasani, mashariki ya Uajemi, ndiye anayetajwa kuwa aliimaliza. Kitabu hicho kilijulikana Basra karibu miaka 70 baada ya kifo cha Khalil, na kwa muda mrefu wanazuoni walibishana ni sehemu ipi iliyo yake na ipi iliyo ya mwanafunzi wake.

Watunga kamusi wengi waliokuja baadaye walilalamika kwamba mpangilio wake ni mgumu kwa mtu anayetafuta neno kwa haraka. Taratibu walihamia katika mpangilio wa kawaida wa alfabeti. Wazo la kamusi kamili lilibaki, lakini njia ya kulifikia neno ilirekebishwa na watumiaji.

Kibanda cha matete

Elimu hiyo yote haikumpa Khalil utajiri. Mwanafunzi wake Al-Nadr bin Shumayl aliwaeleza watu kwamba mwalimu wao alikuwa akiishi Basra katika kibanda cha matete, hana hata sarafu mbili, ilhali wanafunzi wake walikuwa wakijipatia mali kwa elimu aliyowapa.

Ukata huo kwa sehemu ulikuwa wa hiari. Mtawala mmoja wa ukoo wa Muhallab, nao ni wa kabila la Azdi, aliyekuwa na mamlaka huko Ahwaz, alimpelekea mjumbe akimtaka aende kuwafundisha watoto wake. Khalil alimwonyesha mjumbe mkate mkavu aliokuwa nao, akamweleza kwamba maadamu anao huo, hana haja na mtawala. Inasimuliwa kwamba posho yake ilikatwa, na baadaye mtawala huyo akajirudi na kumrejeshea maradufu.

Kwa Khalil, gharama ya kukubali mwaliko huo ingekuwa wakati wake. Mtu anayeipitia mizizi ya lugha nzima, mmoja baada ya mwingine, hana siku za kuwapa wakuu wa dola.

Wanafunzi hakuwanyima wakati huo. Aliyekuwa mashuhuri kuliko wote ni Sibawayh, kijana wa Kiajemi ambaye Khalil alikuwa akimkaribisha kama mgeni asiyechosha. Sibawayh aliandika kitabu cha sarufi ya Kiarabu ambacho hadi leo ndicho msingi wa elimu hiyo, na ndani yake amemtaja mwalimu wake mara mamia. Hivyo sarufi ya Kiarabu, iliyojaa mawazo ya mtu wa Oman, ilipata umbo lake katika mikono ya mtu ambaye Kiarabu hakikuwa lugha ya mama yake.

Nguzo ya msikiti

Khalil alifariki Basra kati ya mwaka 786 na 791. Kwa mujibu wa Ibn Khallikan, mwandishi wa wasifu wa karne ya 13, kifo chake kilitokana na kanuni nyingine aliyokuwa akiitafuta.

Alitaka kubuni njia nyepesi ya hesabu, kiasi kwamba kijakazi akienda dukani asiweze kudhulumiwa na muuzaji. Aliingia msikitini akiwa amezama katika fikra hizo, hakuiona nguzo iliyokuwa mbele yake, akajigonga kwa nguvu na kuanguka. Pigo hilo ndilo lililosababisha kifo chake. Wapo waliosimulia kwamba alikuwa akifikiria beti za mashairi, lakini kisa cha kijakazi ndicho kilichoenea zaidi.

Kisa hicho, hata kikiwa kimepambwa, kinaafikiana na maisha yake. Hesabu alikuwa anaijua. Alichokitafuta ni umbo la hesabu ambalo mtu asiyesoma angeweza kulibeba kichwani hadi sokoni, mbele ya muuzaji mjanja, bila ya mwalimu wa kumsaidia. Hiyo ndiyo kazi iliyo ngumu kuliko kubuni, na ndiyo iliyomkuta haijamalizika.

Bahari zilizovuka bahari

Urithi wa Khalil ulivuka Bahari ya Hindi pamoja na majahazi ya Oman, Hadhramaut na Ghuba. Alama zake za irabu zilitumika kuandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na tenzi za kale za Pate na Lamu zilihifadhiwa kwa maandishi hayo.

Kanuni zake za arudhi, hata hivyo, hazikupokewa kama zilivyokuwa. Arudhi ya Kiarabu inategemea tofauti ya silabi ndefu na fupi, tofauti ambayo Kiswahili hakina kwa namna hiyo. Washairi wa mwambao walichukua istilahi kama arudhi na bahari, wakazipa kazi mpya. Wao walihesabu mizani: 8 katika kila kipande cha utenzi, na 16, nane kwa nane, katika mshororo wa shairi lililozoeleka.

Kanuni hizo ziliishi midomoni kwa muda mrefu kabla ya Sheikh Kaluta Amri Abedi kuzichapisha mwaka 1954 katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa diwani yake ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, na ukazuka mjadala mkali katika magazeti na vyuo vikuu vya Afrika Mashariki.

Wapo waliouona mjadala huo kuwa ni vita kati ya wazee na vijana. Ungeweza pia kuonekana kuwa ni hatua nyingine ya kuzipima kanuni, kama wanakili walivyozipima alama za irabu, na kama wachezaji wa Basra walivyompima ngamia na kumwacha.

Oman inaendelea kumuenzi Khalil. Mjini Maskati mwanafunzi hukutana na jina lake tangu shule, na serikali ya nchi hiyo ilifanikiwa kumweka katika orodha ya UNESCO ya watu mashuhuri wanaoadhimishwa duniani.

Kete yake ya ngamia haichezwi tena Maskati wala Basra, na hesabu ya kijakazi haikutufikia. Bahari zake bado zinafundishwa, na mzee anayesikiliza shairi la Kiswahili ugenini angali anazihesabu mizani kwa vidole.